Baskeli mpya, ila (kasoro) ya siku ya nne: pesa irudi au fundi aitwe?

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Maneno haya yamo kwenye risiti nyingi za maduka ya Darajani na Mlandege, Zanzibar mjini, na mnunuzi hayasomi mpaka siku anayorudi akiikokota baskeli yake mpya kwa mkono. Mwenye duka ananyooshea kidole maandishi, mnunuzi ananyooshea kidole gurudumu linaloyumba, na kila mmoja anaona amemaliza hoja. Hakuna aliyeimaliza. Swali la kujibiwa ni moja: ila ilikuwepo kabla baskeli haijatoka dukani, au imezaliwa baadaye? Mara nyingi jawabu imo kwenye chuma chenyewe, kwa anayejua pa kutazama.

Mwenye duka ana haki ya kusikilizwa kwanza, maana yeye ndiye anayelaumiwa haraka. Baskeli mpya haishuki bandarini Malindi ikiwa imesimama. Inakuja kwenye boksi, vipande vipande: fremu na foku, magurudumu, usukani, kiti, pedeli, keria. Aliyeagiza kwa kontena hana pa kulirudisha boksi moja lenye kasoro, kwani nauli yake peke yake itakula faida ya baskeli kadhaa. Na baskeli iliyokwishapandwa, hata kwa siku mbili, ikirudi dukani ni mtumba: tairi lina mchanga, rangi imechubuka, na mteja anayefuata hatoi bei ya mpya. Tena kila muuzaji anamjua yule mteja anayenunua usiku wa kuamkia Sikukuu, mtoto akaipanda siku zote nne, kisha ya tano anarudi na neno moja tu, "mbovu".

Kuna pia mambo ambayo si ila kabisa. Waya mpya wa breki hunyooka wiki za mwanzo na breki ikalegea. Dawa yake ni kukizungusha kile kijinati cha kurekebishia kwenye mkono wa breki, nusu mzunguko kwa wakati. Spoku nazo hujikalia, gurudumu likatoka kidogo kwenye mstari. Ringi ikiyumba milimita moja au mbili mbele ya kipande cha breki, huo ni ugeni wa baskeli, na fundi anaimaliza kwa dakika ishirini. Anayedai pesa yake yote kwa sababu hiyo anamwonea muuzaji.

Upande wa pili, mnunuzi amelipa bei ya kipya na hana macho ya kuona ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Hawezi kujua dukani kama gololi zimetiwa grisi ya kutosha au kiwanda kimebania. Kuna kipimo kidogo: gurudumu likiwa halijafungwa kwenye fremu, shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe. Ikienda laini, ni nzima. Ikikwaruza kama ina mchanga, imekazwa kupita kiasi au imekauka. Ikicheza kulia na kushoto, imelegea. Ni wauzaji wangapi wanaomruhusu mteja afanye hivyo kabla ya kulipa? Wachache. Anayemzuia mteja kukagua, kisha akamwambia "ulikubali mwenyewe", anataka apande punda wawili.

Ugomvi mgumu kuliko yote, kwa maoni yangu, uko kwenye pedeli, kwa sababu hapo anaingia mtu wa tatu: fundi.

Pedeli ya kulia hukazwa kwa kufuata mwendo wa saa, ya kushoto kinyume chake. Nyingi zimeandikwa R na L kwenye ncha ya ekseli. Fundi mwenye haraka huipachika upande upande, akaona nzito, akailazimisha kwa spana. Meno ya pedeli ni ya chuma na mkono wake, ule inapokazwa, mara nyingi ni wa alumini. Kinacholiwa ni mkono. Dalili zake ni vumbi la alumini linalong'aa kwenye tundu, na pedeli iliyokaa imeinama kidogo. Itashika siku tatu, siku ya nne itachomoka na meno yote. Habari ni hiyo hiyo kwa bolti inayoushika mkono kwenye tundu la pembe nne. Inataka kukazwa kwa nguvu ya Nm 35 hadi 45, yaani spana ya sentimita 25 ikandamizwe mwishoni kwa uzito wa kilo 15 hivi. Isipokazwa hivyo, baskeli huanza kulia "tak" kila mzunguko. Mnunuzi akiendelea kuipanda, tundu la pembe nne huwa duara, na baada ya hapo kukaza hakusaidii tena.

Sasa nani alipe? Muuzaji atasema: "Shekhe, baskeli imetoka nzima, fundi wako kaiharibu." Mnunuzi atasema: "Fundi yuko barazani kwako, na ni wewe uliyemwita." Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, maana fundi yule hajaajiriwa na duka, anakaa pale na hulipwa na mteja. Lakini tofauti ipo. Mtu aliyechukua boksi lake akampelekea fundi wake kule Mwanakwerekwe hana dai juu ya duka kwa kosa la kufunga. Aliyeambiwa na mwenye duka "huyu atakufungia", akafungiwa pale pale, amenunua baskeli iliyofungwa, hata kama noti za fundi zilitoka mfuko mwengine. Na hata hapo anachostahiki ni mkono mpya wa pedeli na kazi ya kuufunga bure. Kudai pesa yote kwa kipuri kidogo kama hicho ni kuikuza haki mpaka ipasuke.

Kwenye fremu mambo hugeuka, na hapa naegemea kwa mnunuzi bila kusita. Chukua uzi, ufunge kwenye ncha ya fremu inaposhikwa ekseli ya nyuma upande wa kulia, uuzungushe mbele ya shingo inapoingia foku, urudi nao mpaka ncha ya kushoto, ukaze. Kisha pima nafasi iliyopo baina ya uzi na bomba la kiti, kila upande. Zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita tatu, imepinda, na hakuna fundi wa kuinyoosha ikarudi kuwa mpya. Bado ni lazima kujua imepindia wapi. Baskeli iliyogonga hujisema: bomba la chini huvimba au kukunja rangi karibu na shingo, na foku hurudi nyuma. Ikiwa imepinda na rangi ni safi, haina mkunjo wala mchubuko, kosa ni la kiwandani au la safarini, na mnunuzi hahusiki.

Kwenye ufa wa welding watu hukosea kutazama kutu. Hewa yetu ya bahari hutia kutu chuma kilichochubuka kwa siku chache tu, kwa hiyo kutu si ushahidi wa upande wowote. Tazama rangi. Ikiwa rangi imeingia ndani ya ufa, ufa ulikuwepo kabla ya kupakwa, na hapo maneno yamekwisha. Muuzaji akisema "tutaipiga welding", akataliwe kwa adabu. Bomba jembamba likichomwa tena hudhoofika pembeni ya pale palipochomwa, na rangi mpya huficha tu. Fremu au foku yenye ila ya asili inastahiki pesa yote au baskeli nyengine, kwa chaguo la mnunuzi.

Spoku zina habari yao. Moja ikikatika kwenye kiwiko, pale inapoingia kwenye habu, ndani ya mwezi wa kwanza na bila ya mzigo, waya ni dhaifu au gurudumu halikukazwa sawa kiwandani. Zikikatika nne na keria imebonyea, mtu alipakia. Keria nyingi zimepigwa chapa ya kilo 25. Gunia la nazi au mtu mzima ni habari nyengine. Ingawa muuzaji aliyesema wakati wa kuuza "hii inabeba chochote" amejifunga kwa ulimi wake. Mpira wa ndani hauna haja ya mjadala mrefu: matundu mawili sambamba ni upepo mdogo, tundu la upande wa ringi ni kichwa cha spoku au utepe wa ringi uliokaa vibaya, na mpasuko kwenye mshono ni wa kiwanda. Ni kipuri cha bei ndogo. Kidai kikiwa na sababu, lakini usikianzishie kesi.

Turudi kwenye yale maneno ya risiti. Wengi wetu hapa tunauziana kwa kuamini kuwa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, inasimama juu ya duka, na fikihi ya Kishafi ina mengi ya kusema. Khiyari ya ila humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kwa ila iliyokuwepo kabla hajakipokea na asiyoijua. Sharti la muuzaji kwamba hana jukumu la ila halimtoi isipokuwa kwenye kasoro ya ndani ya mnyama, tena asiyoijua mwenyewe. Baskeli, hata ikiwa kaidi vipi, si mnyama. Kwa hiyo kibandiko cha "hairudishwi" kinamzuia aliyebadilisha mawazo kuhusu rangi, hakimzuii aliyeuziwa ila iliyofichika.

Lakini fikihi hiyo hiyo inambana mnunuzi pia, na hili halisemwi mara nyingi. Haki ni ya papo kwa papo, na kutumia kunaiangusha. Mafakihi walipiga mfano wa mnyama wa kupandwa: aliyeijua ila kisha akaendelea kumpanda, haki yake imeanguka, isipokuwa kwa mnyama mkaidi asiyekubali kuongozwa wala kuswagwa. Baskeli inakokoteka. Aliyesikia "tak" Jumatatu akaendelea kwenda nayo kazini mpaka Ijumaa, ameharibu mkono wa pedeli na hoja yake kwa pamoja. Na ikiwa ila mpya imezaliwa mikononi mwake juu ya ile ya zamani, hawezi tena kulazimisha kurudisha. Pande mbili zisipokubaliana, huingia fidia ya ila, arshi. Hesabu yake ni ya uwiano. Tuseme imenunuliwa 300,000. Wajuzi wanasema ikiwa nzima thamani yake sokoni ni 280,000, na kwa ila ile ya asili ni 210,000. Imepungua robo, basi anarudishiwa robo ya alicholipa, 75,000, na baskeli inabaki kwake. Kwa ugomvi ambao kila upande una kosa lake, sijaona njia yenye uadilifu kuliko hii, na wenye maduka huikubali upesi kuliko kutoa pesa yote.

Ni vyema kufahamu kwamba Mahakama ya Kadhi haisikilizi kesi ya baskeli. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Fikihi hapa inafanya kazi kwa dhamiri na kwa suluhu. Kwa upande wa serikali, Zanzibar ina Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, Namba 5 ya mwaka 2018, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC. Wengi huitaja FCC, tume ya ushindani ya Tanzania Bara, ambayo sheria yake ya 2003 ni ya huko huko. Hiyo inamfaa aliyenunua Kariakoo ya Dar es Salaam, si aliyenunua Darajani.

Kabla ya kufika huko, acha kuipanda, na usimruhusu fundi yeyote aifungue, maana nati ikishaguswa, muuzaji amepata pa kushika. Piga picha ila kwa karibu, kisha kwa mbali ili baskeli nzima ionekane, na namba ya fremu, ambayo mara nyingi hupigwa chini ya pale zinapozungukia pedeli. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baskeli, ISO 4210, kinataka namba hiyo iwepo na isifutike. Andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya kununua, namba ya risiti, namba ya fremu, ila uliyoiona na siku uliyoiona, na unachotaka, kimoja tu. Mpe muuzaji siku saba na ubaki na nakala iliyosainiwa. Sheha, kiongozi wa shehia, hana mamlaka ya kuamua pesa irudi, lakini akiwa shahidi siku ya kukabidhi barua, sauti hushuka pande zote mbili. Aliyekubali kupunguziwa bei ili asipewe risiti ya ZRA, mamlaka ya mapato, atapata tabu hapa. Ujumbe wa malipo ya simu utamsaidia kidogo: unaonyesha pesa ilikwenda kwa nani, hauonyeshi ilinunua nini.

Kwa anayenunua mjini akaipakia meli ya Mkoani au Wete, Pemba, hesabu ni nzito zaidi, kwa sababu nauli ya kuirudisha baskeli Unguja inaweza kuzua ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza. Huyu asikubali kuondoka na boksi. Aifungishe pale dukani mbele ya muuzaji, aivutie uzi, aipande mpaka mwisho wa uchochoro na kurudi, kisha pedeli zitolewe na usukani ugeuzwe kwa ajili ya safari. Na kwenye risiti, chini ya namba ya fremu, muuzaji aongeze kwa mkono wake maneno matatu: "Imefungwa na duka."