Kiendane na Mada

Najua toleo la shoga yangu mshalisoma. Kaliweka kwenye magrupu yote ya WhatsApp tangu Ijumaa usiku, picha juu, maneno chini: "Mtetezi wa matumbawe akiwakaanga wateja wake." Kwanza, hakukaangwa mtu, samaki walikuwa wa kupaka. Pili, shoga mwenyewe alikuwa mezani pale pale na hakunikanyaga hata mguu. Kwa hiyo niacheni nisimulie mwenyewe. Aibu ni yangu, angalau niipange ninavyotaka.

Ile kamati ya kimataifa ilikuja Unguja watu wanne, kukagua kama tunaweza kuwapokea mwakani wanasayansi wa matumbawe, ile miamba hai ya baharini: ukumbi, vyumba, boti za ziara ya kisiwa cha Chumbe, na chakula. Watu wenyewe wameshakaa mkutano mkuu wa dunia wa matumbawe kule Bremen, Ujerumani, 2022, si wa kubabaishwa kwa juisi ya ukwaju. Miezi mitano nimeandika barua za viza mpaka vidole vimeota sugu. Nimebishana na nahodha kuhusu maji ya bamvua, mpaka akaniambia, "Dada, saa hiyo uliyoandika maji yamekupwa, wataalamu wako watakwenda kwa miguu." Mimi, mtoto wa pwani, naambiwa habari za kupwa na kujaa! Ile nayo ilikuwa dalili, sikuisoma.

Chakula nilimpa Bi mmoja wa mtaani kwetu, mkono wake haujapata kukosea. Ujumbe niliomtumia bado ninao, sijaufuta, naufungua kila nikitaka kujichapa: "Bi, samaki wawe wa hapa hapa, wazuri, wa rangi, vichwa vibaki. Chakula kiendane na mada."

Kiendane na mada. Mimi huyu. Kwa vidole vyangu.

Tulikubaliana alfajiri twende wote mnadani Darajani, nichague nguru au jodari, samaki wa maji makuu wasio na ugomvi na mtu. Lakini usiku ule nilikesha na bango mpaka saa nane, nikaja kulala usingizi wa pono. Ndiyo, nimelitaja neno. Kaeni nalo. Kuamka ni saa tatu asubuhi, simu ina miito saba ya Bi, na Bi keshanunua.

Sasa kwa nyinyi wa bara mnaouliza pono ndiye nani: ni yule samaki mwenye mdomo wa kasuku, meno yameungana. Kazi yake kukwangua mwani juu ya mwamba, ili vijitumbawe vichanga vipate pa kushika. Mawe anayoyasaga yanatokea upande wa pili yakiwa mchanga. Ule mchanga mweupe mnaopigia picha za fungate, sehemu yake imepita tumboni kwa pono, na msiniulize imetokea wapi. Belize wamepiga marufuku kumvua tangu 2009. Haya yote nayajua vizuri kwa sababu andiko la mkutano nimeliandika mimi. Na kwa sababu hizo hizo nikamchagua awe nembo yetu. Bango la mita tatu: pono dume, buluu na kijani, anacheka.

Na mwenyekiti wa kamati, mama mmoja profesa, mpole, maisha yake yote ya utafiti ameyamaliza kwa nani? Haya.

Saa saba mchana. Wageni wamekaa, nyuso zimeelekea bangoni. Bi akaingia na sinia kichwani kwa madaha, limefunikwa kitambaa cheupe, akalitua katikati ya meza. Nikasimama. Hakuna aliyeniomba nisimame. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha sherehe, kwamba chakula hiki kimetoka katika bahari ile ile tuliyokuja kuilinda. Kisha nikakishika kitambaa kwa ncha mbili nikakifunua polepole, kama namfunua bibi harusi.

Pono watatu.

Wamelala ubavu, wamepakwa tui zito la manjano, na Bi wa watu kwa ufundi wake kamtia kila mmoja kipande cha ndimu mdomoni. Kwa hiyo meno yote nje. Feni inalia kwii, kwii. Tui la yule wa katikati likaanza kuteremka shavuni, taratibu, bila haraka yoyote, mpaka kikatokea kipande cha ngozi, buluu. Profesa akatazama sinia. Akatazama bango. Akarudi kwenye sinia. Yule wa bangoni anacheka, huyu wa siniani anacheka. Pacha.

Akavua miwani, akauliza kwa sauti ya chini kama ndiye.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuzimia, kuna watu wanazimia kwa mambo madogo kuliko hayo. Mimi nikasema: "Ndiye, lakini ni dume mzee." Eti najitetea kisayansi! Kwa kuwa pono wengi huanza majike, wakikua ndipo wanageuka madume ya rangi, nikaona huyu keshatumikia taifa, apumzike.

"Hao wakubwa," akasema profesa, bila hasira hata kidogo, kama anasahihisha daftari, "ndio wanaokwangua kuliko wote."

Bi hajui Kiingereza, lakini nyuso anazijua. Akaweka mikono kiunoni. "Mwanangu, vipi? Hawapendi? Si umesema kiendane na mada?"

Hapo bado ningepona. Aliyenizika ni shoga yangu: wageni wakamtazama awaeleze, naye akatafsiri. Neno kwa neno. Mpaka na "mwanangu".

Mengine si mengi. Profesa alicheka mpaka akafuta machozi, akala wali na mchicha. Mgeni mmoja, nchi siitaji, alimaliza pono mzima na kuomba kachumbari. Ukumbi umepita, boti zimepita (saa za maji kapanga nahodha), mimi nimetolewa kamati ya chakula na kupewa mikoba ya wajumbe. Ofisini jina langu sasa mnalijua. Hapana, msiliandike.

Jana Bi kaleta ankara, kaiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Mchele, nazi, ndimu, mkaa. Na mstari wa mwisho: "Pono wakubwa 3 (mada)."