Zabibu Zetu Hazijafika Jikoni

Nilizaliwa na kukulia Dodoma, katika familia yenye ekari 2 za zabibu upande wa Hombolo, na kwa miaka 11 sasa ninaishi Dijon, katika nchi ya mvinyo ya Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Nimetoka kwenye mizabibu nikaingia kwenye mizabibu. Kwa hiyo ndugu zangu wanaponiuliza kama vyakula vya Kifaransa vinapikika nyumbani, huwajibu kwamba vinapikika, tena Dodoma kuliko mahali pengi, na kinachonisikitisha ni kwamba hatujaanza.

Wengi wetu hukijua chakula cha Kifaransa kama chakula cha hoteli kubwa: sahani pana, kipande kidogo cha nyama katikati, na bei ya kutisha. Mimi nimejifunza kukipika kwa bibi mmoja mjane, jirani yangu wa ghorofa ya chini, na ninaweza kushuhudia kwamba mapishi yanayosifiwa zaidi katika eneo hili hayahitaji zaidi ya nyama ngumu, vitunguu, karoti, mvinyo na subira. Chukua boeuf bourguignon, yaani nyama ya ng'ombe kwa namna ya Bourgogne. Mpishi hanunui steki. Anamwomba mwenye bucha shavu, bega au muundi, kwa sababu nyuzi na mishipa ya nyama hizo zikikaa saa 3 kwenye moto mdogo huyeyuka na kuwa utelezi unaoupa mchuzi uzito wake, ilhali nyama laini ikipikwa hivyo hukauka.

Bibi yule alinifundisha siku ya Jumamosi, kwa kuwa chakula chenyewe kingeliwa Jumapili. Aliifuta nyama kwa kitambaa, kipande kwa kipande, akinieleza kwamba nyama yenye maji haikaangiki, huishia kuchemka. Kisha akaikaanga kwa mafungu madogo madogo mpaka kila upande ukawa wa kahawia. Aliongeza vitunguu na karoti, akanyunyiza kijiko cha unga wa ngano, ndipo akamimina chupa nzima ya mvinyo mwekundu, na ule ukoko uliokuwa umeshika chini ya sufuria ukaachia na kuyeyukia kwenye mchuzi. Nilimwona mama yangu katika kitendo kile, maana hivyo ndivyo anavyongoja kitunguu cha pilau kibadilike rangi bila kukiharakisha, na hivyo ndivyo anavyoukwangua ukoko wa nyama kwa maji ya moto. Sikuona ufundi hata mmoja pale ambao mwanamke wa Dodoma hana. Kilichokuwa kigeni ni ile chupa tu.

Na hoja yangu iko kwenye chupa hiyo. Watu wa Bourgogne wamelipeleka zao lao jikoni. Mvinyo mwekundu hupikiwa nyama, na hupikiwa hata mayai, ambayo huvunjwa na kuivishwa kisha kumwagiwa mchuzi wa mvinyo uliokolea. Mvinyo mweupe huchanganywa na kileo kitamu cha matunda meusi ya kassis ukapatikana kir, kinywaji cha kukaribishia wageni kabla ya chakula, ambacho jina lake limetokana na Félix Kir, padri aliyekuwa meya wa Dijon tangu 1945 hadi alipofariki 1968. Watoto hupewa sharubati ya kassis iliyozimuliwa kwa maji baridi, na neno lao la sharubati, sirop, lina asili moja na letu, kwa kuwa yote mawili yametoka kwenye Kiarabu.

Sisemi kwamba wao hawakosei. Mbegu nyingi za haradali ya Dijon zilikuwa zikitoka Kanada, na ukame ulipoipiga nchi hiyo mwaka 2021, mwaka uliofuata haradali iliadimika madukani humu humu katika mji unaojulikana duniani kwa haradali. Nilisimama mbele ya rafu tupu nikakumbuka nyumbani, ila kwetu mambo yako kinyume: zao limejaa shambani, na sufuria ndiyo isiyo nalo.

Dodoma huvuna zabibu mara 2 kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Bourgogne huvuna mara 1. Nikiwaeleza Wafaransa jambo hilo hudhani nimekosea lugha. Lakini neema hiyo tunaijua zaidi kama wasiwasi wa kutafuta mnunuzi. Mwaka mmoja nikiwa bado shuleni, mnunuzi aliyemwahidi baba kwamba angechukua mzigo wote hakutokea, na zabibu za ekari 2 zilipasukia mashinani huku nyuki wakizizunguka. Mama aligawa kwa majirani ndoo kwa ndoo, nasi tulikula mpaka meno yakafa ganzi, wala haikutujia akilini kwamba zingeweza kuingia kwenye chungu cha nyama.

Agosti iliyopita nilikwenda likizo, nikaamua kujaribu uani kwa mama. Nilinunua kilo 1 na nusu ya muundi wa ng'ombe wa kienyeji, mnyama aliyetembea sana maishani mwake, na chupa ya mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma. Nyama ya nguruwe ya chumvi, ambayo Wafaransa huitia, niliiacha. Uyoga sikuupata kwa kuwa ilikuwa kiangazi. Sufuria ilitokota taratibu juu ya mkaa uliofunikwa na majivu, na kwa ugumu wa nyama ile ilichukua saa 4. Mama alikuja kufunua mara kwa mara.

"Mwanangu, pombe yote hii utawalisha watoto wa watu?"

"Mama, inaondoka na mvuke."

"Nitanusa mwenyewe."

Nilimweleza ukweli kwamba sehemu kubwa ya kilevi huondoka lakini si yote, hivyo kwa majirani zetu Waislamu, na kwa yeyote asiyegusa pombe, nyama hii ipikwe kwa maji ya zabibu yasiyotiwa sukari pamoja na siki kidogo. Ladha haiwi ile ile, lakini mchuzi unakuwa mzito na mtamu, na zabibu zenyewe zinabaki kuwa zetu.

Najua nitaambiwa kwamba saa 4 za mkaa ni fedha nyingi. Ni kweli, ila maharage na makande nayo huchukua muda mrefu na hatujaacha kuyapika, na nyama hii hupikwa sufuria kubwa kwa mara moja, ikapashwa kesho yake ikiwa tamu zaidi kwa kuwa mchuzi umeshaingia ndani. Dijon ninaipikia watu 6 walioalikwa wiki 3 kabla. Uani kwa mama, sufuria ya watu 6 ilitosha watu 11, kwa sababu mama alipunguza vipande na kuongeza ugali, na hakuna aliyepita getini bila kuitwa anawe mikono. Kwa ukarimu huo sioni cha kujifunza Ufaransa, na natamani zabibu zetu ziwe sehemu yake.

Asubuhi yake nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda jikoni, amepasha mchuzi uliobaki, anachovya ugali wa uwele. Nilimwamkia, nikamuuliza ameonaje.

"Marahaba. Safari ijayo uongeze chumvi, na ununue chupa mbili. Na uyoga usikuhangaishe. Njoo wakati wa mvua, nitakuchumia."