Kuku anayekufuata: ni mapenzi, ni mazoea au ni njaa?

Mtetea wa miezi mitano anakuona unaingia, anakukimbilia, anafika miguuni, anachutama na kutanua mabawa kidogo. Ukimgusa mgongoni hatikisiki. Ukimwachia anasimama, anajikung'uta manyoya na kwenda zake. Wafugaji wengi huichukua hiyo kuwa hati ya mapenzi: kuku ameomba kubembelezwa. Kumbe ni mkao wa kupandwa. Mtetea anapokaribia kutaga, mara nyingi kati ya wiki ya 18 na ya 22, homoni humfanya achutame mbele ya kitu kikubwa kinachomjia kwa juu, na bandani kama hamna jogoo, mtu huchukua nafasi yake. Hata kule kujikung'uta ndiko anakofanya mtetea baada ya jogoo kushuka mgongoni mwake. Mkao huo unakutangazia mayai. Kuhusu moyo wake unasema kidogo sana, labda tu kwamba hakuogopi kiasi cha kukimbia.

Ishara za namna hii ndizo zinazoharibu mjadala wa kama kuku humpenda anayemfuga. Anayeamini huziokota zote, anayebisha huzitupa zote, na kuku mwenyewe hatazamwi. Ninachoshikilia ni kwamba baadhi ya kuku hujenga uhusiano wa kweli na mtu mmoja mahususi, ila dalili zake ni za kimya kuliko zile zinazosifiwa. Na ipo hoja moja ya wapinzani ambayo sisi tunaowapenda kuku hatujaijibu sawasawa, nitaifikia.

Tuanzie kwenye yai. Mwaka 1873 Douglas Spalding wa Uingereza alieleza majaribio ya vifaranga aliowaziba macho tangu kuanguliwa. Aliona kwamba kifaranga wa siku mbili au tatu hufuata chochote kinachotembea, binadamu akiwamo. Watatu aliowafungua macho wakikaribia siku ya nne walimkimbia kwa hofu kuu. Wahenga walisema mwana wa kuku hafundishwi kuchakura, na ni kweli. Lakini mama yake ni nani, hilo hujifunza, na muda wa kujifunza ukipita umepita.

Mpinzani atasema, kwa haki, kwamba maabara zimewafanya vifaranga waambatane na sanduku jekundu linalozunguka. Je, nao wanalipenda sanduku? Jibu langu ni kwamba tutazame anachofanya kifaranga, tuache alichokosea kukichagua. Kikiondolewa kile alichoambatana nacho, hulia kwa sauti kali bila kukoma. Kikirudi, sauti hushuka na kuwa laini, naye hutulia. Huko ni kuambatana kweli, hata kama kumemwangukia asiyestahili. Udhaifu wa hoja uko kwingine. Hata mama kuku huwafukuza wanawe kwa kuwadonoa wakifika wiki sita hadi nane hivi, akarudi kutaga. Kwa ndege ambaye uhusiano wake na mama hukatika mapema hivyo, kufuatana na mtu utotoni hakuhakikishi kitu ukubwani.

Wapo wanaomlea kifaranga mmoja peke yake makusudi, ili awe "wao" kabisa. Ni kosa kubwa. Kifaranga huyo hulia kila mlezi anapotoka, hakui na wenzake, na siku anapoingizwa kundini hudonolewa vibaya. Akiwa jogoo ndiyo balaa, kwa sababu aliyekua bila kumwogopa binadamu humhesabu kuwa jogoo mwenzake, na akibalehe huanza kumvamia. Ile ngoma yake ya kushusha bawa moja na kukuzunguka miguuni ni utongozaji au ni changamoto. Lea watatu au zaidi, uwashike kila mmoja dakika chache kila siku. Na usihadaike kifaranga akisinzia kiganjani: wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na kiganja kina joto. Mshike pale bruda, yaani kizimba cha joto cha kulelea vifaranga, ikiwa na joto la kutosha ndipo utajua kama amekufuata wewe au joto.

Kwa kuku mkubwa, la kwanza kuthibitisha ni kwamba anamtofautisha mtu na mtu. Hilo halina shaka kubwa. Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwe, miaka ya 1920, ndiye aliyeeleza mpangilio wa nani humdonoa nani, na mpangilio huo hausimami bila kila kuku kuwajua wenzake mmoja mmoja, hasa kwa sura ya kichwa na undu, ile nyama nyekundu ya utosini. Ndiyo maana ukiingia bandani na kofia pana au koti lisilozoeleka, kuku waliokuwa wakikupanda magotini hutawanyika. Je, ana hisia za kumtosha kuambatana na mwingine? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliwapulizia vifaranga hewa mbele ya mama zao: mapigo ya moyo ya mama yalipanda, joto la jicho likashuka, na sauti za kuwaita wanawe zikaongezeka. Mtambo wa kumjali mwingine umo ndani yake. Kinachobaki ni kujua kama humgeukia binadamu.

Hapa ndipo ilipo ile hoja ngumu. Mtenge kuku na kundi lake, atahangaika na kulia mara moja. Mfugaji akiondoka kuku akabaki na wenzake, mara nyingi huendelea kuchakura kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbwa hafanyi hivyo. Kwa hiyo anayesema kuku anamkosa kama mbwa anavyomkosa anadai kupita ushahidi.

Bado kuna jambo moja linalonizuia kusema kwamba kuku hufuata punje tu. Kuku ni ndege anayewindwa na wanyama wengi, na anapooga vumbi hulala ubavu, mguu mmoja kaunyoosha, jicho la juu nusu limefumba. Akifanya hivyo hatua moja kutoka ulipokaa, huna chakula, na hafanyi hivyo kwa mwingine, hilo lina uzito kuliko mbio kumi za kukimbilia bakuli. Kulipima, mwache mtu mwingine awalishe kwa wiki mbili. Kisha mchana, baada ya kuku kushiba, kaeni watu wawili chini, mita mbili kati yenu, nguo za rangi moja, mikono mitupu, dakika kumi. Rudieni siku tano mkibadilishana upande. Andikeni alikokwenda, alikaa muda gani, na kama alijichambua manyoya au kulala. Kosa la kawaida ni kufanya jaribio jioni. Kuku haoni vizuri gizani, na karibu kila kuku huwa mpole giza likiingia. Kosa jingine ni kumpindua chali na kuona "ametulia": huko ni kuganda kwa hofu, na kuku aliyezoeshwa mikono huganda kwa muda mfupi zaidi.

Kosa linaloua ni lingine. Kuku ambaye siku zote alikuwa mkali, na leo amekubali kubebwa, akajikunja mapajani na kufumba macho, usimfurahie kabla hujamkagua. Kuku mgonjwa huficha udhaifu hadi nguvu zinapokwisha, na upole wa ghafla mara nyingi ndio mwisho wa kuficha. Papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, asubuhi kabla hajala. Likiwa bado limejaa au linachezacheza kama mfuko wa maji, chakula hakishuki. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukichoma kama ukingo wa kisu, amekonda kwa siku nyingi chini ya manyoya. Tazama undu kama umepauka au una weusi wa samawati. Fungua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka tundu la kutagia utafute utitiri, kisha rudi bandani usiku na tochi, maana utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za fito za kulalia na kutoka kunyonya damu giza likiingia.