Nendeni Mida Juni

Wapenzi wengi wa ndege watakwambia Mida, hori ya matope na mikoko kule Watamu, pwani ya Kenya, ni ya Oktoba hadi Aprili. Baada ya hapo ndege wa ng'ambo wameshapaa kwenda kutaga Siberia na kwingineko, masika yamepiga, hoteli nyingi zimefunga na waongoza watalii wanakaa bila kazi. Mimi nasema nendeni Juni.

Ni kweli, makundi makubwa hayapo. Ila si wote wanaoondoka: wengi wa wale walioanguliwa mwaka uliotangulia hubaki hapa hapa kwetu mpaka wakomae. Nilikwenda maji yakijaa, na kila tope lilipofunikwa ndege walizidi kusogea kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Mmoja alikuwa yule ndege mla kaa (crab plover), mweupe, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi. Mgongo wake ulikuwa kijivu, haujawa mweusi tititi kama wa wakubwa, kwa hiyo nilijua bado ni kijana. Alimdaka kaa, akambamiza topeni, akammeza.

Wakubwa zake msimu huo wako pwani za Oman, Ghuba na Somalia, wakichimba mashimo mchangani. Humo jike hutaga yai moja tu, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Yai moja! Ndege wa namna hiyo akipoteza watoto, pengo lake halizibiki upesi. Ndiyo maana naumia nikikuta visiki vibichi vya mikoko miezi hii ambayo wageni hawapo. Tunalinda Mida wakati wa makundi, kumbe wanaoitegemea mwaka mzima ni hawa wadogo.

Tena kuna wanaokuja wakati wengine wanaondoka. Pale Mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya Malindi, kati ya Aprili na Septemba hutua ndege wa kahawia kutoka Madagaska, mabawa marefu kama ya mbayuwayu, wakiwinda wadudu hewani juu ya maji mekundu. Ukienda Desemba huwaoni.

Wenye hoteli na kaunti wangeutangaza msimu huu kama wanavyotangaza Krismasi. Nawe ukienda, tazama kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, ufike kama muda wa saa mbili kabla hayajajaa, na umchukue mwongozaji wa pale pale Mida. Ada ya daraja ilipe kwa moyo mweupe: mapato yake husaidia karo ya watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani.