Nionyesheni vidoti kwanza

Jamani hizi picha za 3D za chini ya ardhi, za kutafutia mvuke wa kufua umeme, zitatuponza. Mtu anafungua slaidi, chini ya kaldera (shimo kubwa la volkano iliyobomoka) kuna dude jekundu limenona, anasema mvuke ndio huo, na watu wanaitikia. Mi huwa nauliza kitu kimoja tu: stesheni za kupimia mliweka wapi?

Manake kazi ya MT (magnetoteluriki, kupima ardhi inavyopitisha umeme) naijua, nimeifanya Bonde la Ufa. Unachimba vishimo vya elektrodi, unamwagia maji ya chumvi, unafukia koili, unawasha mashine na kuiacha usiku kucha isikilize mawimbi yanayotokana na radi za mbali na jua. Sasa sakafu ya kaldera ya Menengai imejaa lava, kali hiyo mpaka inakula buti, koili hufukii pale hata ulie, kwa hiyo unasogea mpaka penye udongo na stesheni iliyopangwa inahama au inafutwa kabisa. Ukikaribia fensi ya umeme ya shamba la mtu, data imekwenda. Mbuzi nao usiseme, asubuhi moja nilikuta waya umetafunwa na tumerekodi saa mbili tu.

Basi tuseme umeambulia stesheni 25. Kila moja vipindi 20 vya mawimbi, kila kipindi namba 8, jumla 4,000. Modeli yenyewe, ndiyo ile picha ya 3D, ina seli (vijisanduku) 60 kwa 60 kwa 50, yaani 180,000! Namba 4,000 zitajazaje seli zote hizo? Hazijazi. Programu kama ModEM inaambiwa ilainishe, pasipo na data ibaki karibu na modeli uliyoanzia, kwa hiyo ile rangi nzuri katikati ya stesheni mbili zilizoachana kilomita tatu ni chaguo la programu, ardhi haijasema kitu.

Sisemi turudi 2D. 2D inachukulia miamba imenyooka upande mmoja kama mtaro, na volkano haiko hivyo, bora 3D hata kwa stesheni chache. Na hilo jekundu lenyewe mara nyingi sio mvuke, ni udongo wa mfinyanzi, ukinzani wake kwa umeme chini ya ohm-mita 10, ndio kifuniko cha mvuke. Joto likizidi kama nyuzi 200 mfinyanzi unabadilika na ukinzani unapanda, kwa hiyo moto unautafuta chini ya jekundu.

Ninachotaka ni vidoti vya stesheni vichorwe juu ya kila picha, halafu invasheni (hesabu ya kugeuza data kuwa modeli) irudiwe, mara uanze na ohm-mita 10, mara uanze na 100, kinachobaki zote mbili ndicho tukiongelee. Kuna siku nilichukua dude moja la pembeni kwenye modeli yetu nikalifuta, nikaweka 100 mahali pake, nikapiga hesabu upya. Data ilikubali vilevile, karibu hakuna tofauti. Nikaenda kumwambia bosi, akasema ripoti ishapigwa chapa, na kisima kimoja kilikuwa kimeshawekewa alama palepale.