Mwekezaji apimwe kwa biashara yake kwanza

Wakazi wa Dar es Salaam tumezizoea picha hizi: ofisa wa kampuni ya kigeni kavaa fulana yenye nembo, pembeni yake mwalimu mkuu na diwani, na katikati yao mfano wa hundi mkubwa kuliko watoto walioketishwa mbele. Mara ni madawati, mara ni mashuka ya wodi ya wazazi, mara ni mifuko ya saruji. Makofi yanapigwa, na wanaopiga wana haki. Shule ya Mbagala yenye watoto wengi kuliko viti haina anasa ya kukataa dawati. Lakini picha hizo zimetuzoesha kipimo chepesi. Msimamo wangu ni kwamba msaada uhesabiwe mwisho, baada ya kodi, mishahara, manunuzi ya ndani na mikataba. Kampuni iliyofeli huko haiwezi kufaulu kwa madawati.

Tuangalie hesabu kidogo. Sheria ya fedha za serikali za mitaa inaitaka kampuni kulipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo yake. Kwa kiwango hicho, kampuni inayouza bidhaa za shilingi bilioni 100 kwa mwaka inadaiwa milioni 300. Fedha hiyo huingia manispaa bila ngoma wala turubai, na mwananchi wa kawaida hajui hata kama ipo. Anachokijua ni msaada wa milioni 20 uliotangazwa redioni. Tena Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inairuhusu kampuni kuondoa michango ya kijamii katika mapato yanayotozwa kodi, mradi isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kwa kuwa kodi ya kampuni ni asilimia 30, kila milioni 10 inayokubaliwa kama mchango inapunguza milioni 3 za Hazina. Hakuna wizi hapo, sheria ndivyo ilivyokusudia. Ila ina maana kwamba katika lile dawati umo na mkono wa mlipa kodi, ambaye jina lake halisomwi kwenye sherehe.

Wanaotetea misaada wana jibu, nalo ni zito. Wanasema: hiyo milioni 300 ya manispaa imekwenda wapi? Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikianika madudu ya halmashauri, makusanyo yasiyopelekwa benki na miradi iliyolipwa ikaachwa njiani. Mzazi anayesema heri dawati analoliona kuliko ushuru asiouona anazungumza kutokana na aliyoyapitia, na sina ujasiri wa kumwambia amekosea.

Tena kuna misaada iliyookoa maisha hasa. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT, Msasani, ilianza kuwatumia nauli kwa M-Pesa wanawake wenye fistula waliokuwa mikoani. Matibabu yalikuwa bure, lakini mwanamke aliyefichwa ndani na aibu ya kuvuja mkojo hakuwa na fedha ya basi hadi Dar es Salaam. Nauli ilitumwa kwa mtu aliyemwibua kijijini, akampandisha basi, akapokewa mjini. Taasisi ya hisani ya Vodacom ikawa mshirika wa kazi hiyo. Kwangu mimi huu ndio msaada wa kampuni ulio bora kabisa, kwa sababu ulitumia kile ambacho kampuni inakijua na kukifanya kila siku. Kampuni ya simu ilitoa mtandao wake wa mawakala, ukamfikia mtu ambaye gari la wagonjwa lisingemfikia.

Kampuni hiyohiyo inatuonyesha jambo jingine. Sheria ilizilazimisha kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na mwaka 2017 Vodacom Tanzania ikaziuza kwa shilingi 850 moja, jumla ya shilingi bilioni 476. Kusudio lilikuwa zuri, Mtanzania awe mmiliki, apate gawio, asibaki mteja wa vocha tu. Lakini wananchi na taasisi zetu hawakuzimaliza, ikabidi mlango ufunguliwe kwa wanunuzi wa nje. Sheria peke yake haikutosha kumgeuza mama ntilie wa Tandika kuwa mwanahisa. Wanaolilia umiliki wa wazawa, nami nimo, lazima tuujibu ugumu huo.

Upande wa pili wa mizani uko mfano ambao jiji hili lisiusahau. Agosti 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa City Water, kampuni iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mbia wa Kitanzania. Mkataba ulikuwa wa miaka 10, na ubinafsishaji huo ulikuwa miongoni mwa masharti ya nchi kusamehewa madeni. Mei 2005, chini ya miaka miwili baadaye, serikali iliuvunja ikisema kampuni haikutimiza ahadi zake. Biwater ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Uamuzi wa 2008 ulisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kwa namna ilivyoiondoa kampuni, lakini haikuamriwa kulipa fidia, kwa kuwa hasara haikutokana na ukiukaji huo. Kila upande una kurasa zake za kujitetea. Kwa mkazi aliyekuwa akinunua maji ya madumu Manzese, jambo lilikuwa rahisi zaidi: wajibu wa kijamii wa kampuni ya maji ni maji yatoke.

Hapo pia wakosoaji wa wageni, na mara nyingi nipo upande wao, tunatakiwa kujizuia. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini yenye dhahabu na shaba, kusafirishwa nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma na ile ya Profesa Osoro zikatoa ripoti nzito, na Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu, ikadaiwa kodi, faini na riba za dola bilioni 190. Kampuni ilikana. Mwisho wa yote Barrick, mwanahisa wake mkuu, ikakubali kulipa dola milioni 300, ikaundwa Twiga Minerals ambamo serikali ina asilimia 16, na manufaa ya kiuchumi yakaafikiwa kugawanywa nusu kwa nusu. Kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuna pengo ambalo wananchi hatukuwahi kuelezwa kwa kina. Hata hivyo, hisa zile na mrabaha wa dhahabu uliopanda mwaka huohuo kutoka asilimia 4 hadi 6 ni faida ambayo visima na madarasa ya hisani yasingeileta kamwe. Ililetwa na serikali iliyoamua kukaa mezani upya.

Mishahara ndiyo inayoniuma zaidi. Amri iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kibarua anayetoka Gongo la Mboto kwenda kiwandani Barabara ya Nyerere, akilipa nauli ya 600 kwenda na 600 kurudi kwa siku 26, alimaliza 31,200 kwenye daladala peke yake, zaidi ya moja ya tano ya mshahara. Viwango vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, na hilo ni jema. Wenye viwanda husema mshahara ukipanda ghafla watapunguza watu, na wapo ambao kweli faida yao ni nyembamba. Lakini kampuni inayoajiri kupitia wakala, mkataba wa miezi mitatu mitatu, michango ya NSSF ikichelewa, kisha ikapaka rangi shule wanayosoma watoto wa wafanyakazi hao, inatoa kwa mkono mmoja kidogo kuliko inachobana kwa mwingine.

Na bandari? Mjadala wa 2023 kuhusu DP World, kampuni ya Dubai ya kuendesha bandari, uliligawa jiji. Mkataba wa Tanzania na Dubai uliopitishwa na Bunge tarehe 10 Juni tuliusoma, tukabishana kifungu kwa kifungu. Maaskofu Katoliki wakatoa tamko Agosti, serikali ikajibu. Mikataba ya uendeshaji ya miaka 30, iliyosainiwa Chamwino tarehe 22 Oktoba, haikuwekwa mbele ya umma kwa uwazi ule. Meli zikihudumiwa haraka, mwenye duka Kariakoo atanufaika, na hilo nalitaka litokee. Ila bila kuijua mikataba tutamsifu au kumlaumu mwendeshaji kwa hisia tu.

Tayari kuna njia. Tangu mabadiliko ya 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni kuandaa mpango wa mwaka wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Sheria ya 2015 ya uwazi katika rasilimali za madini, mafuta na gesi inataka malipo ya kampuni hizo yatangazwe. Viwanda, benki, kampuni za simu na waendeshaji wa bandari hazimo. Ziingizwe, na takwimu zibandikwe hadi ofisi za kata. Kabla sheria haijabadilika, diwani anayepokea madawati aulizwe palepale, mbele ya wazazi, ushuru wa huduma wa kampuni hiyo wa mwaka jana ulijenga nini.