Mtoto Analala Bure

Nimepigiwa simu saa mbili asubuhi, hata chai sijamaliza. Sauti tamu ya kike, ile ya watu wa mapokezi waliofunzwa kutabasamu hata kwa simu. "Habari ya asubuhi, mkubwa. Tunatumaini mlifika Nakuru salama." Nikasema salama, Mungu ni mwema, nikidhani labda nimeshinda kitu. "Ni vile tu tumeangalia chumba na hatuoni rimoti ya TV." Shilingi 2,500. Rimoti ambayo hapa nyuma ya stendi nauziwa kwa mia tatu, na naongezewa betri mbili.

Nikamwambia dada, mimi ni mtu mzima, nina kazi, nina kitambulisho, sina shida na rimoti ya watu. Nikakata simu kwa heshima zangu. Nikageuka, nikamwona Mzee amesimama mlangoni, nepi imeshuka hadi magotini, ameielekeza rimoti kwa paka wa jirani, anabonyeza.

Mzee ni mwanangu. Ana mwaka mmoja na miezi tisa. Amebeba jina la baba yangu, kama mila ya kwetu inavyotaka kwa kifungua mimba wa kiume, na hilo ndilo kosa la kwanza lililofanyika katika nyumba hii, maana tangu siku hiyo hakuna anayeweza kumkaripia. Ukimwinulia mkono, mama yangu anakuuliza, "Unataka kumpiga mume wangu?"

Kilichoniponza ni maneno matatu kwenye bei ya ile hoteli: mtoto analala bure. Mimi nikiona bure hupoteza akili, kama Mkenya mwingine yeyote. Sikujiuliza swali ambalo sasa ningependa kuwauliza wenye hoteli wote wa Kisumu, kutoka Milimani hadi Dunga: nani aliwaambia analala?

Na hoteli yenyewe haikuwa anasa. Mke wangu ni wa Kisumu, na kwao mkwe halali kwa wakwe. Utakula, utachinjiwa kuku, utapewa kiti kizuri na kitambaa chake, lakini jua likizama unatafuta kwingine pa kulaza ubavu. Sipingi. Sheria nimeikuta na nitaiacha. Basi tukaweka akiba tangu Agosti, Desemba ikafika, tukaiita safari hiyo likizo ya familia, jina ambalo bila shaka lilitungwa na mtu asiye na familia.

Matatu nayo ina sheria yake: mtoto wa kupakatwa halipi. Na humo, kwenye mapaja yangu, Mzee alilala. Alilala Salgaa. Alilala Mau Summit, kwenye baridi ya kukata masikio. Alilala Kericho, majani chai yakipita dirishani ekari kwa ekari, miguu yangu imekufa ganzi, nami nawaambia abiria wenzangu kwa majivuno, "Huyu hana shida, ni mtoto mpole." Tulipoanza kuteremka joto likapanda, na Ahero, pale penye mchele, akafumbua jicho moja. Halikufumbwa kisawasawa tena hadi siku ya kurudi. Zamani nilikuwa nashangaa kwa nini reli ilianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Siku hizi sishangai. Nadhani kuna mtu alikuja na mtoto.

Chumba kilikuwa kizuri, nakubali. Kitanda cha futi sita kwa sita, neti nyeupe imefungwa fundo juu kama kilemba cha bibi harusi, birika la stima, simu ya mezani, Biblia kwenye droo. Mtu mzima akiingia humo huona mapumziko. Mzee aliona kazi. Kufikia dakika ya kumi alikuwa amefungua Biblia kwenye Mambo ya Nyakati na kula kona ya ukurasa, amevuta neti ikaja na ndoano yake na plasta kidogo ya dari, na amepiga simu mapokezi mara tatu. Mara ya tatu walituma mtu. Na ile kadi ya kuchomeka ukutani ili stima iwake, ambayo nilielezwa kwa kirefu kana kwamba nimetoka kuchunga mbuzi, Mzee aliielewa bila mwalimu. Anapanda juu ya begi, anaichomoa. Giza, feni inakufa, anacheka. Anaichomeka. Mwanga, anapiga makofi. Anaichomoa.

Saa tatu kasorobo usiku akalala. Mama yake alikuwa amemwimbia nyimbo zote za kanisa na moja ya kampeni. Akazimika tu, ghafla, kama transfoma ya mtaani kwetu.

Hapo ndipo nikagundua jambo ambalo hawaliandiki kwenye bei. Nyumbani mtoto akilala, unafunga mlango unaenda sebuleni kuwa binadamu. Hoteli ni chumba kimoja. Mtoto akilala, nyote mmelala. Mimi, mtu wa miaka thelathini na nane, mwenye mkopo wa sako na watu wanaoniita bwana mwenyekiti, nimesimama gizani kwa mguu mmoja, naogopa kuweka wa pili chini.

Na tulikuwa tumeagiza samaki.

Ngege mzima wa kukaangwa kisha akatiwa mchuzi, ugali na sukuma. Tuliagiza mapema, tukidhani tutakula mezani kama watu. Sasa nasikia nyayo za weita kwenye korido, sahani zinagongana. Nilimwahi kabla hajabisha. Nikafungua mlango kiasi cha pua.

"Karibu chakula, mkubwa!" akasema, kwa sauti ya kufungua mkutano wa hadhara.

"Shhh."

Akapunguza. "Niweke wapi?"

"Bafuni."

Kijana alikuwa na adabu zake. Aliangalia ugali, akaangalia mlango wa bafu, akaniangalia mimi na vesti yangu, nikaona kabisa anapanga jinsi atakavyoisimulia jikoni. Kisha akaingia akinyatia, akaweka trei juu ya kifuniko cha choo, akanyoosha kitambaa. Akatoka. Akarudi na jagi la maji ya moto na beseni. Nikamnong'oneza kwamba ndugu yangu, tuko bafuni, sinki hilo hapo. Akaninong'oneza kwamba anaiona, lakini huo ndio utaratibu. Basi nikanawishwa mikono, ndani ya bafu, kando ya sinki, gizani.

Gizani kwa sababu swichi ya bafu ilikuwa inawasha taa pamoja na kile kifeni cha kutoa hewa, na kifeni hicho kilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Tulikijaribu sekunde moja. Mzee akageuka, akaguna. Tukazima, tukabana pumzi hadi akatulia. Mke wangu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi chini, mgongo mlangoni, tochi ya simu inamulika dari.

Samaki na giza havipatani ukiwa umelelewa kwa githeri. Mke wangu amekula ngege tangu hajaota meno. Kipande kinaingia upande huu wa mdomo, miiba inatokea upande ule, imejipanga kama chanuo. Mimi samaki humsoma kwa macho. Tonge la nne nikauhisi. Mwiba. Umesimama wima kooni kama askari wa lango.

Kawaida mtu hukohoa. Nikavuta hewa nikohoe, nikamwangalia mke wangu. Akainua kidole kimoja, akaelekeza chumbani, akatikisa kichwa polepole. Nilimwelewa. Mwanamke huyu nilimuoa kanisani, mbele ya mashahidi na kwaya mbili, na alikuwa ananiambia nife kimya.

Akanikandia tonge la ugali ukubwa wa ngumi. "Meza bila kutafuna." Nikameza. Mwiba ukakaa. La pili, nikameza. Mwiba ukakaa, sasa una mto wa kuegemea. Machozi yananitoka, shingo imenyooka kama ya korongo, nimeshikilia kifuniko cha choo kwa mikono miwili, na hapo ndipo mlango ukabishwa. Kwa adabu, kwa ukucha mmoja. Weita. Amekuja kuuliza kama tungependa pilipili.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Kikohozi haikuwa. Watu wa chumba cha pili waligonga ukuta. Mwiba ukaruka ukaangukia taulo nyeupe ya hoteli, na katika kimya kilichofuata, kutoka kitandani, ikaja sauti safi ya mtu aliyepumzika vizuri:

"Tamaki?"

Alikula samaki wangu hadi saa nne na nusu, kwenye mapaja ya mama yake, akichambuliwa mwiba mmoja mmoja. Mimi hakuna aliyenichambulia.

Kesho yake tulimpeleka ile hifadhi ndogo ya Impala, kando ya ziwa, ili aone simba. Simba alikuwa amelala chali, tumbo juu, mchana kweupe, hakuna wa kumuuliza. Nilisimama kwenye ule wavu muda mrefu kuliko inavyomfaa mwanamume mwenye familia. Mzee hata hakumtazama, alikuwa anamfukuza tumbili aliyemnyang'anya ndizi. Boti ya Dunga tukaiahirisha kwa sababu alitaka kuendesha yeye. Kiboko hatukumwona. Gugumaji tuliliona la kutosha.

Usiku wa pili sitaki kuusema. Kitanda ni futi sita kwa sita, Mzee hafiki futi tatu, alitumia tano na nusu.

Jumapili tukaenda kumuaga mama mkwe. Akaniangalia, akaweka kikombe chini.

"Mkwe wangu, mbona macho mekundu? Hoteli hawana vitanda?"

Nikamjibu kwa heshima, nikiangalia pembeni kidogo kama inavyotakiwa. "Vipo, Mama. Ni mtoto. Hajalala tangu Ijumaa."

"Na mtoto alienda hoteli kufanya nini?"

Sikuelewa swali.

"Mwiko ni wako wewe," akasema, taratibu, kama anayemweleza mtu mgeni njia ya kwenda stendi. "Mjukuu wangu na mama yake, kitanda chao hicho hapo ndani. Nimekitandika tangu Ijumaa."

Nikamgeukia mke wangu. Mke wangu alikuwa amevutiwa ghafla na kuku wa jirani.

Usiku mbili, 4,500 kila mmoja. Na ningelala peke yangu. Peke yangu! Na feni. Na taa imewaka, samaki yuko mezani, nakohoa ninavyotaka. Ningekohoa hata bila mwiba.

Kwenye matatu nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Baba Mzee, kwa mama ningeamshwa saa kumi na moja kuosha vyombo vya watu kumi na wanne. Hoteli wanakutandikia kitanda." Kisha akafunga macho, akaegemea dirisha. Nilianza kutafuta jibu Awasi. Londiani nilikuwa bado natafuta. Na Mzee kwenye mapaja yangu, amelala fofofo, hata kukoroma anakoroma. Bure.

Sasa kuna hii rimoti. Nimeuliza stendi, kutuma kifurushi Kisumu ni mia tatu, bei ile ile ya kununua nyingine. Na yule dada nitampigia niseme nini, baada ya hotuba yote ile ya kitambulisho? Isitoshe, kabla ya kuituma lazima mtu aichukue, na Mzee ameamua kulala. Saa nne asubuhi, kwenye kochi, rimoti ameikumbatia kifuani kama fimbo ya chifu. Mama yangu amekuja, amevuta stuli, anampepea na leso. Nilinyoosha mkono mara moja tu, taratibu. "Mume wangu asiguswe," akasema.

Kwa hiyo nimevua viatu. Redio nimeizima. Muuza maziwa nimemfukuza kwa ishara. Chai yangu imepoa jikoni na siwezi kuipasha, kiberiti cha siku hizi kina kelele. Kitu kimoja tu sijakizima ni simu, na nimekumbuka sasa hivi nilipoiacha, chini ya ule mto aliolalia Mzee, maana naona mto unaanza kutetemeka.